Walichokiacha Mlima Komeo

Dadu ilianguka juu ya meza ya chuma na haikutoa sauti. Mwanarusi aliiona ikiruka, ikabiringika, ikagonga kikombe cha Wafula na kutulia, lakini sikio lake halikupata kitu. Akawatazama wenzake. Wafula alikuwa akitafuna karanga. Lynnette alikuwa ameinama kusoma namba iliyotokea juu. Hakuna aliyeshtuka, naye akadhani ni masikio yake tu. Tangu afiwe na mumewe, vitu vingi vilikuwa vikimpita hivyo hivyo.

Ilikuwa Jumamosi mchana, kazi imekwisha. Ofisi yao ilikuwa ya kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, ghorofa ya pili ya jengo moja la Changamwe, na madirisha yake yalitazama yadi ya malori. Jumamosi bosi aliondoka mapema, na wao wanne wakabaki kucheza gemu ya Griffin.

Griffin ndiye aliyekuwa akitengeneza kompyuta zao, lakini gemu yake haikutaka kompyuta. Ilikuwa ya mdomo. Yeye alisimulia nchi isiyokuwepo duniani, na wengine watatu wakawa wasafiri ndani ya nchi hiyo. Kila mmoja alisema anachotaka kufanya, kisha dadu ikaamua kama amefaulu au la. Wafula, mpanga safari za malori kule yadi, alikuwa mpiga upanga. Lynnette wa mapokezi alikuwa mpiga mishale. Mwanarusi, karani wa makaratasi ya forodha, alibeba taa.

Mwanzoni alikataa, akaona ni mambo ya watoto. Lynnette ndiye aliyemshika mkono.

"Njoo tu ukae, Mama Ummi. Hata usipocheza. Ukienda nyumbani saa hizi utalia tu."

Ilikuwa kweli. Ahmad, mume wake, alikuwa dereva wa masafa. Lori lake lilipinduka njia ya Nairobi, na Mwanarusi akabaki na mtoto mmoja wa kike, Ummi, na mama mkwe, Bi Mishi, katika nyumba ya Likoni iliyojaa vitu vya mtu asiyerudi. Basi akawa anakaa na wenzake Jumamosi, anashika taa ambayo haipo, anawaangazia njia.

Kwa majuma mengi walikuwa wakiupanda Mlima Komeo. Huo ndio mlima Griffin alioubuni, mlima mweusi usioota hata jani, na chini yake gereza lililochimbwa na watu ambao hata majina yao yalishasahaulika. Milango yote ya gereza hilo, alisema Griffin, ilikuwa na makomeo kwa nje. Nani aliyefungiwa ndani? Hakuna ajuaye. Griffin aliupenda mlima ule kuliko kazi yake. Alijua ngazi ipi imelika katikati kwa nyayo za watu, maji yanadondoka wapi, ukuta upi una ukungu. Alisimulia vizuri hata Lynnette akawa anajifunika mtandio, anasema anasikia baridi, na nje jua la Changamwe linapasua lami.

Siku ile ya dadu isiyolia ndiyo waliyofika kwenye mlango wa gereza.

"Mlango hauna kitasa," Griffin alisema. "Una..." Akakatika. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza simu mbovu. Alipoendelea sauti yake ilikuwa imelala, haina kupanda wala kushuka. "Mlinzi wa mlango anawakaribisha. Hataki dhahabu. Hataki damu. Kila anayeingia aache kitu kimoja anachotembea nacho, ambacho mlima hauwezi kujitengenezea."

Chumba kikaanza kunuka jiwe bichi, kama ndani ya pango. Feni ilikuwa ikizunguka, ikiwapulizia hewa ya moto, na bado ile harufu ilikuwa ya baridi.

"Mimi mgongo umenimaliza," Wafula akacheka. "Namwachia maumivu yangu yote. Akae nayo, asinirudishie!"

"Mimi uoga," Lynnette akadakia. "Aki mimi naogopa kila kitu, hadi kuvuka hiyo barabara hapo nje. Achukue."

Griffin hakucheka. Alimgeukia Mwanarusi. "Na wewe mwenye taa?"

Mwanarusi alitaka kusema kitu cha mzaha kama wenzake. Kilichotoka kikawa kingine, tena kilitoka chenyewe, kabla hajakifikiria.

"Namwachia majonzi yangu."

"Mlinzi anashukuru," Griffin alisema. "Mlango umefunguka."

Na hapo, ama ndani ya ukuta ama chini ya sakafu, komeo zito likavutwa. Safari hii kila mmoja alisikia. Lynnette akasema ni geti la yadi. Wakakubaliana kwamba ni geti la yadi, wakakusanya vikombe, wakaenda zao.

Kwenye ngazi Griffin alimshika Mwanarusi bega, akanong'ona. "Hivi nilisema nini pale mlangoni?"

"Kwani hukumbuki?"

"Nilikuwa nimepanga fumbo la namba. Huyo mlinzi simjui. Sijui ametoka wapi."

*

Jioni ile Mwanarusi alifika nyumbani mwepesi, kama aliyetua mtungi. Alikula akashiba. Usiku alilala bila kugeuka. Asubuhi akaamka, akapiga deki sebule na chumba, na alipokuwa ameinama mlangoni Bi Mishi akaja akasimama mbele yake.

"Mwanarusi, hilo si shati la Ahmad?"

Mwanarusi aliliangalia tambara mkononi mwake. Lilikuwa shati la buluu lililotundikwa nyuma ya mlango tangu siku Ahmad aliposafiri. Kila usiku alikuwa akizika uso wake humo atafute harufu, na alikuwa amekataza lisifuliwe.

"Ndiyo, mama."

"Mbona unalipigia deki?"

"Lilikuwa karibu."

Bi Mishi alilichukua lile shati linalochuruzika maji machafu, akalikumbatia, akakaa kitako pale pale sakafuni akalia. Mwanarusi alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayepiga chafya. Alingoja amalize ili apate kukausha pale alipokaa.

Jumatatu kazini, Wafula alisimama jikoni akimimina maji ya chai kutoka kwenye birika. Kikombe kilijaa, yakamwagika, yakamiminikia mkono wake uliokuwa umeshika kikombe, naye akaendelea kumimina huku akimweleza Mwanarusi habari za mpira. Ngozi ya mkono ilianza kuvimba na kuwa nyeupe.

"Wafula. Mkono."

Aliuangalia. Akaugeuza huku na huku. "Eh," alisema. "Hata sijasikia." Alikuwa anatabasamu, lakini midomo yake ilikuwa imekauka. "Mwanarusi, hata mgongo sisikii. Tangu juzi. Nimelala na msumari umeingia kwa mguu, nikauona asubuhi kwa damu ya shuka."

Mwanarusi alijua kwamba hilo lilikuwa jambo la kutisha. Alilijua kama anavyojua kwamba Nairobi iko mbali. Alimfunga mkono kwa kitambaa, akarudi kwenye makaratasi yake.

Naye Lynnette, aliyekuwa akingoja mtu wa kumshika mkono ndipo avuke barabara, sasa alikuwa akishuka yadini wakati wa chakula na kupita katikati ya malori yanayorudi nyuma. Madereva walimtukana. Aliwapungia. Siku ya Alhamisi Mwanarusi alikuwa dirishani alipomwona akitoka na mfuko wa mahamri. Trela moja lilikuwa linarudi kinyumenyume, tanboi, msaidizi wa dereva, anapiga bodi, anapiga mayowe. Lynnette aligeuka. Aliliona. Alisimama akalitazama likimjia, uso wake umetulia kama mtu anayesoma tangazo ukutani, na hakusogea.

Watu walikimbia, vilio vikajaa yadi. Wafula alishuka ngazi kwa kuruka. Mwanarusi alibaki dirishani. Aliona kiatu kimoja. Aliona mahamri yametawanyika kwenye vumbi, na kitu pekee alichokisikia ndani yake kilikuwa njaa, maana alikuwa hajala tangu asubuhi.

*

Hakwenda mazishini. Hakuona sababu. Alipita kazini, akapita kivukoni, akarudi nyumbani, akapika, akala. Harufu ya jiwe bichi ilimfuata. Ilikuwa kwenye nguo zake na ndani ya kikapu cha mkate. Akiwa peke yake bafuni alisikia maji yakidondoka mahali pa mbali, tone moja, kisha kimya kirefu, kisha tone, na bomba limefungwa kabisa.

Jumapili mchana alikuwa uani anachambua mchele. Ummi alikuwa akicheza nyuma ya nyumba. Akaja akichechemea, analia, mguu wake umekatwa na bati, damu inaacha alama kwenye saruji.

"Mama! Mama, nimeumia!"

Mwanarusi aliinua macho. Aliuona mguu. Aliiona midomo ya mtoto ikitetemeka, midomo ya Ahmad kabisa, ile ile iliyokuwa ikimfanya ajifiche chooni alie. Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa. Akachambua tena. Mtoto alisimama pale analia, kisha akawa analia kidogo kidogo, kisha akanyamaza. Alirudi nyuma hatua moja, akamwangalia mama yake jinsi mtoto anavyoangalia mtu wa njiani aliyemsemesha vibaya. Halafu akageuka, akaenda kwa kuchechemea kumtafuta bibi yake.

Bi Mishi alimfunga mguu mtoto. Kisha akaja uani, akasimama mbali, karibu na mlango, mkono ameushikilia kwenye fremu.

"Wewe ni nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mama?"

"Usiniite mama. Mkwe wangu alitoka nyumba hii Jumamosi ile ya mchezo wenu, analia njia nzima. Aliyerudi simjui. Hamlilii mume. Hamwoni mtoto. Ananuka kaburi. Nakuuliza, wewe ni nani?"

Mwanarusi aliweka ungo chini. Alitafuta ndani yake kitu cha kumjibu yule mama, akapapasa kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha wageni, na hakukuta ukuta wowote.

"Hata mimi simjui," akasema.

Bi Mishi akaja karibu, polepole, akamshika kidevu, akamtazama machoni muda mrefu. Kisha akavaa buibui.

"Inuka. Twende Mtongwe."

*

Bi Mwanatabu wa Mtongwe, aliyejulikana kwa kuwasomea watu wenye majini, alikuwa akikaanga viazi karai barazani kwake walipofika. Mwanamke wa makamo, mnene, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Waliitikiana salamu. Alimsikiliza Mwanarusi tangu dadu isiyolia hadi damu ya Ummi, huku akichovya viazi kwenye unga na kuvitupa mafutani, na hakumkatiza hata mara moja. Mwisho akazima jiko.

"Mlima huo uko wapi?"

"Haupo, bibi. Ni wa kusimulia tu."

"Umesimuliwa kwa muda gani?"

"Miezi."

"Kila ngazi? Kila mlango? Na kila mkimaliza mnaondoka, mnauacha mtupu?"

"Ndiyo."

Bi Mwanatabu alijifuta mikono. "Wako viumbe wasiokuwa na makao, mwanangu. Wanazunguka tu. Magofuni, majalalani, mapangoni. Nyinyi mmejenga nyumba nzima, imara, yenye milango na kiza chake, na mlipoingia wala mlipotoka hakuna aliyetaja jina la Mwenyezi Mungu. Jini hakuwavamia. Mmemwekea nyumba akahamia."

"Na Lynnette?" aliuliza Bi Mishi.

"Yule msichana hakuuawa na mtu. Alimpa jini kitu kilichokuwa kikimlinda. Mtu asiye na woga atakimbiaje?" Akamgeukia Mwanarusi. "Na wewe umetoa majonzi. Ulidhani yamekaa peke yake moyoni, kama mzigo kwenye chumba cha stoo? Yameshikana na mapenzi. Ukiyavuta, yote yanatoka."

"Nitayapata tena?"

"Unayataka?"

Mwanarusi alifikiri. Hilo ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu hakutaka chochote. Alikumbuka Ummi akirudi nyuma hatua moja. Hakuumia kulikumbuka. Lakini alijua, kwa akili tu, kwamba kulikuwa na mwanamke ambaye angeumia, na mwanamke huyo ndiye mama wa yule mtoto.

"Nayataka kwa ajili yake," alisema.

"Basi sikiliza. Atataka kubadilishana. Usibadilishane. Mlichoacha kwake si zawadi, ni amana. Idai kama amana. Hata yeye ni kiumbe, na Mungu atamuuliza. Ukishatoa kilicho chako, yule kijana aliyejenga mlima auvunje kwa mdomo wake mwenyewe. Kitakachobaki ndani kitabaki milele."

*

Wafula alikubali mara moja. Mkono wake ulikuwa umeanza kuoza chini ya bandeji na hakusikia kitu. Griffin alikuwa amejifungia chumbani kwake Kisauni, hataki kuzungumza. Alisema akifungua mdomo tu anasikia ngazi zinataka kutoka. Walimshawishi kwa muda mrefu.

Wakakutana ofisini siku ya Jumamosi mchana, kama kawaida yao. Kiti cha Lynnette hakuna aliyekisogeza. Bi Mwanatabu alifukiza ubani kwenye chetezo, akanyunyiza marashi kwenye pembe za chumba, akakaa karibu na dirisha, tasbihi mkononi. Wafula akaomba kwa namna ya kwao, kichwa ameinamisha. Nje jua lilikuwa kali, malori yananguruma, mtu anauza maji baridi kwa kuimba.

"Anza," Bi Mwanatabu alisema.

Griffin akafumba macho. "Mko kwenye mlango wa gereza," alisema, na sauti ya muuza maji ikakatika katikati ya neno.

Kisha zikakatika za malori, moja baada ya nyingine, na mwanga wa dirishani ukabaki pale pale lakini ukaacha kuingia, ukasimama kwenye kioo kama maji nje ya mashua, na ile harufu ya jiwe bichi ikaja ikaufunika ubani, na Griffin akaendelea kusimulia bila kupumua, ngazi baada ya ngazi, ukungu ukutani, tone la maji, hatua zao wenyewe zikirudi kwao kutoka chini kabla hawajazipiga, mpaka Mwanarusi akaacha kujua kama anaisikia sakafu ya ofisi chini ya viatu vyake au jiwe lililolika katikati, na mkono wake wa kulia, uliokuwa mtupu, ukaanza kusikia uzito wa taa.

"Karibuni tena," alisema Griffin, na haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa muda mrefu sana bila kusema na mtu. "Nyumba ni nzuri. Nashukuru. Mmeleta nini kingine?"

Wafula akainua mkono wenye bandeji. "Nimekuja... nimekuja kuchukua changu. Maumivu yangu. Ilikuwa amana."

"Chukua nguvu badala yake. Nitakupa mgongo wa kijana."

"Sitaki. Amana yangu."

Kisha komeo likavutwa, na Wafula akapiga ukelele uliowafanya wote waruke, akaushika mkono wake uliooza, akaanguka magotini huku akilia na kumshukuru Mungu kwa pumzi ile ile moja.

"Na wewe, mwenye taa?" iliuliza ile sauti, taratibu, kwa upole. "Umelala usingizi mzuri. Umekula umeshiba. Ukirudishiwa, utamzika mumeo upya leo hii. Kwa nini ujitakie hayo? Niachie. Mimi nayatunza. Ni mazuri mno, sijapata kuwa na kitu kizuri namna hii."

Kila alichosema kilikuwa kweli. "Ni amana," Mwanarusi alisema. "Naidai."

Komeo likavutwa.

Hayakuja moyoni kwanza. Yalikuja miguuni, yakapanda, na yalipomfikia kifuani alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na Ahmad amekufa, amekufa sasa hivi, na shati lake limepigiwa deki, na Ummi amesimama uani na damu mguuni hakuna aliyemshika, na Lynnette aliyemwambia njoo tu ukae yuko chini ya trela na yeye yuko dirishani anawaza mahamri. Yote kwa mara moja, yakamkunja kama karatasi. Alilia kwa sauti ambayo hakujua anayo.

"Tayari," Bi Mwanatabu alisema kwa haraka. "Kijana, vunja! Vunja sasa hivi!"

Ndipo walipoisikia sauti nyingine. Ilitoka chini kabisa, nyuma ya milango mingi, nyembamba, ya msichana.

"Kuna mtu? Aki msiniache. Kuna giza. Naogopa. Aki naogopa."

Wafula akanyanyua uso uliolowa. "Huyo ni Lynnette."

"Si yeye," alisema Bi Mwanatabu, na tasbihi ikasimama mkononi mwake. "Yeye ameshakwenda kwa Mola wake. Huo ni woga wake, aliuacha humo. Hauna mwili wa kurudia. Uache, mwanangu. Vunja!"

"Naogopa," ilisema ile sauti. "Nani anashika taa?"

Dakika moja kabla ya hapo Mwanarusi angeisikiliza kama anavyosikiliza redio ya jirani. Sasa hakuweza. "Namchukua," alisema.

"Ukiubeba utakaa nao hadi kufa kwako!"

"Amana ya maiti ni ya mwenye kumrithi. Lynnette ana mama. Namchukulia mama yake." Akaligeukia lile giza lililokuwa usoni mwa Griffin. "Umesikia? Naidai amana ya Lynnette kwa niaba ya mamake."

Maji yalidondoka. Kisha komeo la mwisho likavutwa, polepole, kwa chuki, na kitu kidogo chenye baridi kikaja mbio gizani, kikajitupa kifuani mwa Mwanarusi kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Mlima unaanguka," Griffin alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Ngazi zinaanguka. Milango inaanguka. Hakuna gereza. Hakuna mlinzi. Hakuna mlima, haukuwepo, niliutunga mimi, Griffin, na nimeufuta." Nyuma ya maneno yake Bi Mwanatabu alikuwa akisoma, kwa nguvu, bila kusita, na chini ya sakafu kitu kikubwa kikanguruma kikienda mbali, na mtu akalia, mtu aliyefukuzwa nyumbani, kilio kirefu kilichokwenda kikapotea upande wa Miritini.

Muuza maji akamalizia neno lake. Jua likaingia dirishani.

*

Wafula alikatwa vidole viwili, na kila alipoguswa wakati wa kubadilishwa bandeji aliguna na kucheka. Griffin aliacha kazi akarudi kwao, na inasemekana hata habari ya jana hataki kusimulia. Mwanarusi alilia majuma mengi. Alilala na Ummi kitanda kimoja, na mwanzoni mtoto alimpa mgongo, kisha usiku mmoja akageuka mwenyewe akamwekea mguu wake wenye kovu tumboni, na Mwanarusi akalia tena.

Na aliogopa. Kabla ya hapo hakuwa mwoga, lakini sasa aliogopa lifti, aliogopa radi, aliogopa vyumba vyenye mlango mmoja.

Alipopata nguvu alikwenda Kiembeni kumpa pole Mama Pascalia, mamake Lynnette. Hawakuwahi kuonana. Alielekezwa nyumba, akasukuma geti, akaingia, na mbwa wa kahawia akatoka nyuma ya tangi la maji.

Hakubweka. Alikuja tu, anatikisa mkia. Mwanarusi alisimama. Mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe ukashika koo, ule wa kulia ukaikamata sketi nyuma, juu kidogo ya shavu la mguu, mahali palipoanza kumuuma ghafla kama pana meno.

Mwanamke mzee alitokea mlangoni na ungo mkononi. Alitaka kumwita mbwa. Badala yake alimwangalia yule mgeni getini, mkono wa koo, mkono wa nyuma, goti moja limekunjwa, na ungo ukashuka taratibu hadi ukafika chini.

"Wewe," alisema. "Mwanangu aling'atwa na mbwa hapo hapo unapopashika. Tukiwa Kitale. Alikuwa bado hajaanza shule." Akashuka ngazi moja. "Kutoka siku hiyo alikuwa akisimama hivyo. Hivyo kabisa. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mwanarusi, mama. Nilikuwa nikifanya kazi naye." Meno yalikuwa yakigongana. "Samahani. Namwogopa mbwa."

Mama Pascalia alishuka ngazi zilizobaki. Alipita katikati ya uwanja, akamfukuza mbwa kwa kanga, akaja akasimama karibu na Mwanarusi, karibu mno, akauondoa ule mkono kooni, kidole kwa kidole, akaufumbata ndani ya mikono yake yote miwili.

"Hakufanyi kitu," alisema, na hakuwa akimtazama Mwanarusi usoni, alikuwa akitazama kifua chake. "Mama yuko hapa. Hakufanyi kitu, mwanangu. Twende ndani."

Mwanarusi alisikia kile kitu cha baridi kifuani mwake kikigeuka, kikasikiliza, kikatulia. Akamfuata yule mama, mkono mkononi, wakapita kando ya mbwa.